Mita 60 Zisizo na Njia: Nani Augharamie Mto Chimala?

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma linauvuka Mto Chimala kwa sekunde chache tu, na dereva hana sababu ya kuutazama. Lakini akiegesha Chimala mjini ili kuongeza mafuta, kila lita ya dizeli anayojaza inaacha shilingi 50 kwa ajili ya maji. Tozo hiyo ilianza katika mwaka wa fedha wa 2015/16, nayo huingia katika mfuko ambao leo tunauita Mfuko wa Taifa wa Maji. Malori yaendayo Zambia na Kongo ni mengi, na mafuta yanayouzwa kando ya barabara ile si haba. Kwa hiyo swali linalopaswa kuulizwa na kila mlipa kodi ni jepesi: katika kila shilingi 50, ni senti ngapi zinazourudia mto unaopita chini ya daraja?

Nauliza swali hili kutoka Nyanda za Juu Kusini, mamia ya kilomita kutoka baharini, lakini ni swali la pwani pia. Mto Chimala unashuka kutoka safu za Kipengere, unaingia katika bonde la Usangu na kuungana na Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu unapita katika ardhioevu ya Ihefu, unatokea kwenye mlango wa mwamba wa Ng'iriama, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unajaza Mtera na Kidatu, kisha unajiunga na Rufiji. Rufiji nao, baada ya Bwawa la Julius Nyerere, unamwaga maji na tope lake katika delta yenye msitu wa mikoko ambao ni miongoni mwa mikubwa kabisa katika Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2004, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mkoko hauishi kwa maji ya chumvi peke yake, na kamba wanaovuliwa mdomoni mwa Rufiji wanahitaji maji baridi yanayotoka bara. Mkulima anayefungua banio Chimala na mvuvi anayetega nyavu katika delta wanagawana kitu kimoja, ingawa hawajawahi kuonana.

Sheria zetu zinaujua undugu huo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Kifungu ni hicho hicho kwa hoteli ya ufukweni Dar es Salaam na kwa bustani ya mboga kando ya Mto Chimala. Mjini, mwananchi analalamika kuwa ukuta wa tajiri umemzibia njia ya kwenda ufukoni. Huku kwetu malalamiko yana sura nyingine: bikoni zimesimikwa, mabango ya onyo yamepigwa rangi, na mama mwenye ndoo kichwani hajui tena apite wapi bila kuitwa mhalifu.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani: "Mwalimu, kama hairuhusiwi kusogelea mto, maji yanachotwaje?" Darasa zima lilicheka, lakini swali lile halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Nilimjibu kwa kumsomea sheria. Kinachokatazwa na kifungu cha 57 ni shughuli za kudumu na zile zenye madhara, na kuchota maji kwa ndoo si shughuli ya kudumu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inayapa matumizi ya nyumbani kipaumbele cha kwanza, na maji ya kutunza mazingira yenyewe kipaumbele cha pili, kabla ya kilimo, viwanda na umeme. Mtu mwenye njia halali ya kuyafikia maji anaweza kuyatumia nyumbani pasipo kibali. Yule kijana alinisikiliza, kisha akauliza tena: "Na hiyo njia halali iko wapi?" Hapo sikuwa na jibu la kumsomea.

Hilo ndilo pengo ninalotaka tulitazame. Sheria imechora mstari wa mita 60, na serikali, kila inapopata fedha, imegharamia mstari huo kwa bikoni, doria, mabango na operesheni. Haikugharamia kwa uzito ule ule njia ya kuupita mstari huo kwa heshima: kijia cha mtoni kinachotambuliwa, birika la kunyweshea mifugo lililo nje ya ukingo, kivuko cha miguu, kisima kijijini. Tumezoea kuviona vitu hivi kama huduma za jamii, vyenye idara yake na bajeti yake, na uhifadhi kama kazi nyingine yenye wakubwa wengine. Hoja yangu ni kwamba katika bonde kama la Usangu njia na ulinzi ni kazi moja, na mpaka vilipiwe kutoka fungu moja, hatutapata hata kimoja.

Historia yetu inathibitisha hivyo. Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulisimama kwa mara ya kwanza ndani ya hifadhi mwishoni mwa mwaka 1993. Tangu hapo kukauka kiangazi kumekuwa desturi yake, na viboko hubanana katika madimbwi machache yaliyosalia. Mwaka 2001, Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitamka London kwamba serikali yake ingehakikisha mto unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 operesheni ya kuwaondoa wafugaji ilianza Usangu, na makundi makubwa ya ng'ombe yakasukumwa kuelekea Lindi, Pwani na kwingineko. Mwaka 2008 eneo la Usangu na Ihefu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2010 ulifika na kupita. Mwaka 2017, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kikosi kazi cha kuunusuru mto huo huo. Mwaka 2023 mipaka ya hifadhi ilitangazwa upya, na mgogoro na baadhi ya vijiji vya Mbarali ukaingia katika sura nyingine.

Hesabu hiyo ya miaka haituambii kuwa viongozi hawakujali. Inatuambia kuwa walijali, wakatumia nguvu, wakatumia fedha, na bado mto ukaendelea kukauka. Daktari akibadilisha vidonge mara tano na homa isishuke, ni wakati wa kuutazama upya ugonjwa.

Na ugonjwa huo ulikwisha kutazamwa. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, watafiti wa mradi uliojulikana kama SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza, na baadaye wenzao wa mradi wa RIPARWIN ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walipima maji ya Usangu kwa subira. Walichokikuta hakikulingana na hadithi iliyopendwa wakati ule, kwamba mkosaji mkuu ni ng'ombe. Waliona kuwa mto unakauka kiangazi hasa kwa sababu maji kidogo yaliyobaki huendelea kuchepushwa mabanioni na kupita mifereji mirefu ya udongo hata pale ambapo majaruba hayana mpunga. Waliona pia kuwa mabanio yaliyoboreshwa kwa zege yalikuwa na uwezo wa kukamata maji mengi kuliko yale ya miti na mawe yanayobomoka kila masika, hivyo aliye chini alizidi kukosa.

Kwa nini mifereji iliachwa wazi wakati hakuna mazao ya kumwagilia? Wajuzi wa mambo ya mjini wangesema ni uzembe. Jibu la vijijini ni rahisi zaidi: mfereji ndio bomba la kijiji. Watu hunywa humo, hufua humo, hufyatulia matofali humo, hunyweshea ndama humo. Ili ndoo kumi zifike kijijini, maji ya kujaza ndoo elfu hupotelea ardhini na hewani njiani. Asiye na kisima wala njia ya mtoni hawezi kukubali banio lifungwe, hata umwekee askari. Mpe kisima, na mfereji unaweza kufungwa mwezi Agosti bila ugomvi. Kisima kimoja chenye pampu inayofanya kazi kinaweza kuuachia mto maji mengi kuliko msimu mzima wa doria.

Ndiyo maana nasema njia na ulinzi ni kazi moja. Mwananchi mwenye njia ya uhakika ya kuyafikia maji ana sababu ya kukubali mpaka, kwa sababu mpaka haumnyimi uhai. Mwananchi asiye na njia huvunja mpaka kila siku asubuhi, na akishazoea kuuvunja kwa ndoo, kuuvunja kwa jembe la vinyungu hakumpi shida. Sheria inayomfanya kila mtu mkosaji haina tena namna ya kumtenga mkosaji wa kweli, yule mwenye trekta na pampu kubwa, na mama wa ndoo.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo pazito. Sehemu kubwa ya kazi za kuunusuru Ruaha Mkuu imefanywa kwa mikopo na misaada yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mfano wa karibuni ni mradi wa REGROW, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola za Marekani milioni 150 ili kukuza utalii wa hifadhi za kusini. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya kuboresha umwagiliaji Usangu na kurudisha mtiririko wa kiangazi. Aprili 2024 Benki ilisitisha utoaji wa fedha kufuatia madai ya ukiukwaji wa haki za wananchi wanaoishi kando ya Hifadhi ya Ruaha, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Yapo mengi ya kusema juu ya madai yale, na wanaoyafuatilia wafanye hivyo bila woga. Mimi naokota funzo moja: fedha za kumtoa mwananchi na fedha za kumpatia maji zilifungwa katika kifurushi kimoja, mpango wa upande mmoja ukaingia doa, na ule mwingine ukaenda nao. Mto umebaki kama mtoto aliyeachwa kituoni na wazazi waliogombana.

Wakati huo huo, hatuwezi kusema nchi haina fedha kabisa. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa kwa zaidi ya shilingi trilioni 6.5. Ni kazi kubwa, nami ni miongoni mwa wanaofurahi taa zikiwaka. Lakini bwawa halizalishi maji, linayapokea. Mchango mkubwa wa Rufiji hutoka Kilombero, ni kweli, na Ruaha Mkuu huleta sehemu ndogo zaidi. Hata hivyo Ruaha Mkuu ndio unaobeba pia Mtera na Kidatu, mitambo tuliyoitegemea kwa miongo mingi, na ndio unaogusa maisha ya watu wengi zaidi njiani. Tumekuwa kama mtu aliyenunua kinu cha kisasa kwa fedha zake zote, kisha akaona uchungu kununua mbegu.

Wapo walioamua kufanya vinginevyo. Mwaka 2015, Kenya ilianza mfuko wa maji wa Tana ya Juu, ambapo wanaofaidika mjini Nairobi, wakiwamo wauza maji na wazalisha umeme, wanachangia gharama za mkulima wa mlimani anayezuia udongo wake usiingie mtoni. Jimbo la California nchini Marekani lilianzisha mwaka 1976 chombo cha serikali cha kugharamia pwani yake, na likakipa majukumu mawili kwa pamoja: kulinda na kurejesha ardhioevu, na kumfungulia mwananchi njia ya kuyafikia maji. Sisemi tuige kila kitu. Mazingira yao si yetu. Ninachokipenda ni ule uamuzi wa kuweka njia na ulinzi katika mfuko mmoja, ili mkuu wa mfuko asiweze kujisifu kwa kimoja huku kingine kimelala.

Napendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, pasiwe na bikoni bila njia. Kila bajeti ya bodi ya maji ya bonde, ya halmashauri au ya mradi wowote inayotenga fedha za kuweka mipaka kwenye mto, itenge katika kasma ile ile fedha za vijia vya mtoni, mabirika ya mifugo na vivuko, na mahali pake pachorwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla bikoni ya kwanza haijasimikwa. Mfugaji akijua ng'ombe wake watanywa wapi, hatahitaji kukanyaga ukingo.

La pili, kisima kitangulie kufuli. Kabla banio halijafungwa kiangazi, kijiji kinachotegemea mfereji wake kipatiwe maji ya nyumbani. RUWASA ipo tangu 2019 kwa kazi ya maji vijijini, na bodi ya bonde ipo Iringa kwa kazi ya mto. Vyombo hivi viwili viko chini ya wizara moja. Kinachokosekana ni orodha moja inayoonyesha kuwa kisima fulani kimechimbwa ili banio fulani lifungwe, pamoja na vipimo vya maji mtoni kabla na baada. Ada ya matumizi ya maji inayolipwa na jumuiya za watumia maji nayo iambatane na kipimo, kwa maana pasipo kipimo mtu hudhani amekwisha kuununua mto, akachota bila kiasi kwa kuwa risiti anayo.

La tatu, fedha zitoke kwetu na zionekane. Sheria iliyounda Mfuko wa Taifa wa Maji haiufungi kwenye mabomba peke yake; inautambua pia utunzaji wa vidakio vinavyohudumia miradi ya maji. Bunge litenge sehemu maalumu ya ile shilingi 50 kwa ajili ya kingo za mito, na sehemu ndogo ya mapato ya umeme wa Rufiji irudi Usangu na Kilombero yanakotoka maji. Kisha kiasi kilichorudi kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji chenye mto: kimeingia lini, kimefanya nini, nani amesaini.

Najua hoja zitakazoletwa. Afisa mmoja wa uhifadhi atasema ukimfungulia mwananchi njia umemfungulia na mlango wa uharibifu: leo kijia, kesho bustani, keshokutwa nyumba. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, maana kingo nyingi za mito yetu zililiwa hivyo hivyo, hatua kwa hatua. Lakini njia iliyochorwa na kijiji chenyewe ina walinzi wengi kuliko isiyochorwa. Anayepita pasipo njia leo hawezi kutofautishwa na anayelima. Kukiwa na njia, atakayeonekana na jembe nje yake atajulikana mara moja, na wa kwanza kumkemea atakuwa jirani yake anayeogopa kupoteza birika la ng'ombe. Hoja nyingine itatoka hazina: fedha hazitoshi, zahanati na shule zinasubiri. Nakubali kuwa hazitoshi. Ila operesheni nayo ina gharama, kesi mahakamani zina gharama, mgawo wa umeme una gharama, na kuhamisha familia kuna gharama isiyoandikwa kwenye vitabu vya hazina. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na sisi tumekuwa tukijenga ukuta wa Usangu kwa miaka 30.

Ibara ya 27 ya Katiba yetu inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri. Wajibu huo hautimizwi kwa kumwambia mwananchi akae mbali na kile anachotakiwa kukilinda. Mtu hulinda anachokifikia, anachokitumia na anachokijua kwa jina. Wazee wa Usangu wanajua majina ya vijito ambavyo ramani zetu zimevisahau. Ni hasara kubwa ikiwa wajukuu wao watakuja kuvijua kwa namba za bikoni.

Kwa wanafunzi wangu, na wa wenzangu: hapa kuna utafiti unaohitaji viatu zaidi ya kompyuta. Tembeeni kutoka daraja la Chimala hadi mabanioni, mhesabu bikoni, kisha mhesabu njia. Mkileta namba mbili hizo tu, mtakuwa mmeandika tasnifu yenye faida. Kwa wanaharakati: mmesimama vyema mahakamani na mbele ya vyombo vya habari, sasa ingieni pia kwenye vikao vya bajeti vya halmashauri, ambako hatima ya mto huamuliwa mchana watu wakisinzia. Na kwa watumishi wa umma, ambao najua baadhi yenu husoma hapa kimya kimya: mstari mmoja katika jedwali la bajeti, ulioandikwa na afisa asiyejulikana jina, unaweza kumfaa mvuvi wa Rufiji kuliko hotuba kumi za jukwaani.

Dereva wa lori atalipa shilingi 50 zake leo na kuendelea na safari. Ametimiza sehemu yake, ingawa hakuuona mto. Ni juu yetu tunaobaki Chimala kuuliza zimekwenda wapi, na kutaka siku moja zionekane hapa kingoni: birika lenye maji, kijia kilichosafishwa, na banio lililofungwa kiangazi kwa ridhaa ya wenyeji wenyewe.